Siku Niliyozika Roketi ya Baba kwa Kitenge cha Mke Wangu

Wapo wanaonicheka mpaka leo nikipita njia ya mnadani, na wacheke tu, hata mimi ningekuwa wao ningecheka, lakini naandika haya ili mjue nani alinifikisha pale, kwa majina, maana hadithi inayozunguka hapa kijijini Bukiriro imenibebesha mimi peke yangu (na mjinga nilikuwa, sibishi, ila ujinga wenyewe nililetewa mpaka mlangoni). Aliyeuleta ni Dismas, mwenye duka pale njia panda. Aliyeukuza ni Spesioza, jirani yangu. Haya, sikilizeni.

Baba yangu aliitwa Bonifasi, lakini alikufa watu wakimwita Mzee Mawingu. Ujanani alifanya kibarua kwa Mzungu mmoja mwalimu aliyekuwa anarusha roketi ndogo kutoka mlimani, si za vita, za kupima hewa ya huko juu, zinapanda, zinapima, zinaanguka, na kazi ya baba ilikuwa kuzibeba, kuzishika zisimame sawa, halafu kwenda porini kuzitafuta. Kila akinywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, alisimulia, na kila akisimulia walimcheka. "Mzee Mawingu, leo umemkuta Mungu anakula nini?" Akabaki na kitu kimoja cha kumtetea, bomba la bati gumu lenye urefu wa mtu, na mapezi matatu mkiani, ambalo alilichora jina lake kwa msumari. Akaniachia. Nikaliweka kwenye dari ya jikoni, likawa jeusi kwa moshi.

Sasa Jumamosi moja asubuhi Dismas akaja mbio kwa njia ya mkato.

"Baba Koleta, kuna mama wa Dar ameuliza dukani kwangu habari za mabomba ya kizamani. Hao ni watu wa zebaki hao, wanaoisaka kwenye vyuma vya zamani. Wanaandika jina, wiki ijayo wanarudi na askari kupekua nyumba. Mimi sikuambii kitu, wewe si mtoto."

Akaondoka. Na mimi (hili lazima mlijue) nina vidole vitatu tu mkono wa kushoto, niliokota chuma porini nikiwa kijana, chuma kikalipuka, mimi nikapona, mwenzangu hakupona, na tangu hapo chuma na mtu anayekiulizia wote siwaamini.

Mama mwenyewe akafika, Rehema jina lake, mwalimu wa chuo, ana begi na kamera.

"Shikamoo baba."

Hiyo shikamoo tu ilinitia shaka, mtu wa chuo aniamkie mimi niliyeishia darasa la nne, anataka nini?

"Nakusanya historia ya roketi za mwanzo za kupimia anga," akasema, "kabla wazee hawajatuishia. Nina picha ya kijana wa hapa aliyekuwa anazishika. Wote kwenye picha wana majina isipokuwa yeye. Nataka jina lake tu."

Tu! Mtu akikwambia anataka kitu kimoja tu, kamata mfuko wako. Akaninyooshea picha, nikasema macho yangu mabovu. Halafu nikapata akili ambayo wakati ule niliiona kubwa sana, kwamba kama ni kupekuliwa basi apekuliwe Dismas.

"Huyo ni Mzee Anselmi," nikasema. "Marehemu. Baba yake Dismas wa dukani."

"Na vifaa je, kuna kilichobaki?"

"Hakuna."

Akashukuru, akaenda. Nilipogeuka, mke wangu Gaudensia amesimama na ungo wa maharage.

"Umemkana baba yako?" Sauti ile ilifika ng'ambo ya bonde. "Miaka yote unanung'unika hawakumwamini, leo amekuja anayemwamini, unampa Anselmi? Anselmi aliyekuwa anaogopa hata kupanda ngazi?"

Tuligombana mpaka jioni, kitongoji kizima kikasikia, na alfajiri ya Jumapili akapanda gari kwenda kwa dada yake anayeishi Nemba, kule Biharamulo, ananiambia nimpigie nikishapata akili. Simu yake haikuwa na chaji, hilo nililijua baadaye.

Nikabaki peke yangu nawaza. Wakija kupekua kwa Dismas, Dismas atawaleta kwangu. Kwa hiyo watu walipokwenda misani nikalishusha bomba, nikalifunga kwa kitu cha kwanza nilichokiona, kitenge cha bluu cha Gaudensia, nikaliburuza mpaka kwenye migomba, nikachimba, nikalilaza, nikafukia. Nikajifuta jasho nikiona nimewaweza.

Kumbe Spesioza hakwenda misani. Mguu ulikuwa unamsumbua, amekaa mlangoni kwake anatazama. Ameona nini? Ameona mtu aliyegombana na mkewe jana, anaburuza kitu kirefu kwenye kitenge cha huyo mkewe, anakizika kwenye migomba, ambako sisi wote tunazika wetu.

Misa ilipotoka wakaja. Mbele mwenyekiti wa kitongoji, nyuma Dismas (angekosekana vipi!), nyuma yao mama wote na rozari bado mkononi.

"Baba Koleta, mama yuko wapi?"

Nikaona nikisema Nemba wataniuliza mligombania nini, na Dismas anasikia. "Amelala ndani," nikasema.

Wakaingia ndani. Wakatoka.

"Na kule kwenye migomba ulikuwa unafanya nini?"

"Nachimba shimo la mgomba."

"Jumapili?" akasema Spesioza, na hapo hapo akaanza kulia. "Gaudensia wangu! Jana tu nimemwazima chumvi!"

Dismas akapiga simu polisi. Wakaja wawili kwa pikipiki, nikafungwa pingu pamoja na mmoja wao, kijana, mwenzake akasimamia uchimbaji. Koleo la tatu au la nne kikaonekana kitenge. Vilio! Wengine walijitupa chini. Rehema naye alikuwa amefika na umati akitokea kwa Dismas, amejishika kichwa. Askari akavuta kitenge, yakatokea mapezi matatu ya chuma.

"Ni roketi!" Rehema akapiga kelele kwa furaha. "Jamani, ni roketi!"

Mama wa watu alisema kweli, lakini sisi tuko karibu na mpaka, vita za majirani tumezisikia, na huwezi kutamka neno hilo ukapewa muda wa kueleza. Watu walitawanyika. Katekista, mzee wa fimbo, aliruka ua wa minyaa bila fimbo. Kijana wa polisi akakimbia, akasahau kwamba tumefungwa pamoja, yeye akapita kulia kwa mgomba, mimi kushoto, tukagongana, tukatumbukia wote wawili kwenye shimo la samadi, na suruali yangu ikabaki juu kwenye kisiki. Samadi mpaka kifuani, nikawa bado napiga kelele, "Ni la baba yangu! Jina lake limechorwa pale ubavuni, someni!"

Nani asome? Rehema alitaka, wakamzuia kwa nguvu. "Afande, ni tupu, ni ya kupimia hewa!" Afande akanitazama mkono wangu wa vidole vitatu, akasema, "Huyu si mara yake ya kwanza."

Kesho yake wanajeshi wakalilipua. Ulitoka mlio mmoja, ukafuata moshi, na migomba yangu minne ikaenda nayo.

Moshi haujaisha, akashuka Gaudensia kutoka kwenye bodaboda, habari za kifo chake zimemfuata mpaka Nemba. Akawakuta akina mama bado wanapika maharage ya msiba wake, maana yalikuwa yameshaloweshwa. "Amekufa nani?" Spesioza alikimbia kwa mguu ule ule mbovu. Gaudensia akanigeukia. "Kitenge changu kiko wapi?"

Nilipofunguliwa pingu nikamfuata Rehema, nikamweleza kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunicheka.

"Baba, juzi uliniambia Anselmi. Mwenye duka akaniambia ndiyo, ni baba yake. Leo unaniambia Bonifasi. Jina lilikuwa kwenye bomba, na bomba halipo. Mimi niandike nini?"

Najiuliza mpaka leo, Dismas alipokuja kunitisha asubuhi ile, alikuwa ameshaiona picha? Maana ilipoonyeshwa dukani, aliikubali upesi mno.

Kitabu cha Rehema kikatoka. Dismas amepewa nakala ya picha, ameitia fremu, ameitundika juu ya magunia ya sukari, na chini imeandikwa "Anselmi, mwenyeji wa Bukiriro". Kofia imefunika uso, anayeweza kumtambua ni anayemjua baba kwa miguu yake ya matege, na tuliobaki tunaomjua kwa miguu si wengi. Kijana amesimama, ameshika roketi kwa mikono miwili, anaangalia juu.

Nimeapa kwamba mtu akiniuliza jina la baba yangu, awe mwalimu, awe askari, awe muuza vyandarua, nitamtajia kabla hajapewa kiti. Bado hajaja mwingine wa kuuliza. Na Gaudensia kila wiki ananiuliza chumvi yote hii nyumbani ni ya nini, wakati anajua vizuri inauzwa wapi, na anajua ninaponunua nakuwa nimesimama naangalia ukutani, juu ya magunia ya sukari.