Wazee Waliohamia kwa Kemilembe

Mwijage ndiye aliyeandika programu ya mizani ya umeme inayopima kahawa hapa kiwandani kwa Dhirajlal, Bukoba. Mafaili yote aliyarundika kwenye folda moja, kama gunia lenye maharage, misumari na soksi. Mwaka 1992 alipojua ana Juliana, jina tuliloupa UKIMWI, alianza kuigawa folda ile: ndogo ya vitufe, ndogo ya kioo cha namba. Dada yake Kemilembe aliandika naye kila siku. Dhirajlal alikuwa ameahidi kwamba atakayebaki na programu ndiye atakayebaki na kazi, na Kemilembe aliitaka sana, maana watoto wa kaka yake walikuwa wanaangukia mikononi mwake.

Baada ya matanga ya Mwijage kule Kanazi, ukoo ulikaa kugawa kibanja cha migomba, baiskeli na, Mungu atusamehe, folda.

"Mwanamke harithi," alisema baba yao mkubwa, mzee Rugaibula. "Na mpaka uko wapi? Nani kapanda milamula ya kuuonyesha?"

Rugaibula akachukua kioo, kwa kuwa kinaonekana. Mdogo wake, Bartholomayo, akapewa vitufe. Kila folda ikaitwa kwa jina la mrithi, ikanakiliwa kwenye disketi, ikafutwa kwenye kompyuta ili urithi uwe urithi. Bartholomayo aliweka yake darini, juu ya jiko, pamoja na mbegu za maharage. Kemilembe aliachiwa faili moja lililokuwa nje ya folda zote, lenye kazi ya kuziita nyingine. Wazee walilihurumia kwa kukosa nyumba. Mimi, fundi umeme nisiye wa ukoo, niliwabandikia disketi majina yao.

Msimu ulipofunguliwa, radi ikaunguza chipu ya mizani iliyobeba programu. Kahawa ilirundikana hadi mlangoni. Dhirajlal akawaita warithi, wakaja na kanzu zao, disketi mkononi, moja ikinuka moshi.

"Sasa nani ataziita zifanye kazi?" aliuliza Dhirajlal.

Rugaibula alikohoa. "Mwanangu Kemilembe, kurithi hapana. Kutunza, mila inaruhusu."

"Nimekubali, tata," alijibu, akimwita baba kwa Kihaya. "Ila zikae pamoja."

Alifungua folda mpya, akaipa jina lake, akaingiza humo faili lake, kisha Rugaibula, kisha Bartholomayo.

"Hilo jina la juu ni la nani?" mzee aliuliza.

"La mtunzaji, tata."

"Vizuri."

Nilipoinakili yote kwenye chipu mpya, mizani ikawaka. Wazee wakaenda kunywa rubisi, na Kemilembe akawatuma watoto wa Mwijage wakachukue sare za shule.