Shaba ya Mgiriki na Safari ya Kumshusha Mjomba

Nilipata habari bomani Morogoro: mjomba wangu wa Matombo, mkubwa wa ukoo wetu, amekataa kuwa jumbe wa Wadachi, na asiposhuka kwa hiari atafuatwa na minyororo. Nikamwomba ruhusa Mgiriki, msimamizi wa reli niliyekuwa nikimpikia, nikamfuate mwenyewe.

Alfajiri niliondoka na mvua. Mfukoni nilikuwa na kisarafu cha shaba alichonipa Mgiriki. Kwao Ugiriki huzifukua sarafu kama hizo wakilima. Zamani Warumi walipowatawala, miji yao iliachiwa ifue sarafu zake za shaba: upande mmoja kichwa cha mfalme wa Roma, upande wa pili masuke ya ngano na jina la mji. Lakini hizo zilikuwa za sokoni tu, aliniambia. Kodi ilikwenda Roma vilevile.

Nililala Mkuyuni, nimechoka hoi kwa utelezi. Mwenyeji wangu alinipa ndizi za kuchoma bila maneno mengi. Mkwewe alichukuliwa kubeba mizigo ya askari, hajarudi.

Siku ya pili, jioni, nilifika Matombo. Mjomba aliitikia shikamoo yangu huku akimenya mihogo. Nikamtia sarafu kiganjani, nikamweleza kwamba hata Wagiriki wa zamani walikubali kichwa cha mgeni, na mji wao ukabaki na jina lake. Aliigeuzageuza sana.

"Na kodi yao? Waliachiwa?"

Jibu nililijua. Ila nilikuwa nikiiona ile minyororo shingoni mwake.

"Waliachiwa, mjomba."

Kesho yake akavaa kanzu, tukashuka.

Bomani walitupokea vizuri mno. Walimvisha kofia, wakampa askari wawili, wakamwamuru arudi akatoze kodi ya nyumba, aanzie kwa ndugu zake. Hapo ndipo aliponitazama. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza!

Tulirudi mlimani sote. Tulipopita, watu walifunga milango. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya dada yake, mama yangu mzazi, mjane. Mjomba alisimama uani. Mama aliitazama kofia, akawatazama askari, kisha akamtolea kigoda kama anavyomtolea mgeni.

"Karibu, Bwana Jumbe. Nani aliyekupeleka huko?"

"Nilikwenda mwenyewe, dada," akasema mjomba.

Nami nilikuwa pale pale, kati yao, nikanyamaza. Hilo ndilo nililojifunza katika safari ile: kwamba mimi ni mtu wa kunyamaza.