Msusi Aliyeombea Vichwa

Binti yangu alichelewa kusema. Majirani wakambandika jina la Kimya, na mpaka leo, mwanamke mzima mwenye kiti chake saluni, ndivyo anavyoitwa. Mimi hushinda naye pale, kwenye kigoda pembeni, nachambua rasta za kusukia. Husema nakwenda kumsaidia. Ukweli ni kwamba nikibaki nyumbani roho hainitulii.

Kazi yake utaitambua kwa kisogo. Wasusi wengi hutia bidii mbele, panapoonekana kwenye kioo, nyuma wakalipua. Kimya huanzia nyuma. Anasema kanisani waliokaa nyuma yako hawaoni uso, wanatazama kisogo ibada nzima, na kisogo kibaya humtoa mtu kwenye neno la Mungu.

Mambo yalianza mchungaji alipotufundisha kwamba kazi yoyote, hata ya kusugua sufuria, ni sadaka ukimtolea Bwana. Wengine tulisema amina tukaenda kula. Kimya alilichukua lilivyo. Tangu Jumatatu yake, kila mstari aliosuka ukawa na ombi kwa ajili ya mwenye kichwa.

Lingekuwa jambo jema tu, ila alidhani anaomba moyoni, kumbe maneno yalikuwa yanamtoka mdomoni. Na mteja akishakaa kwa msusi unamjua. Hata lile alilomficha dada yake atalimwaga pale. Siku moja nikamsikia, taratibu kabisa, akimwomba Bwana amlainishe mama mkwe wa mteja aliyekuwa kitini, mkwe aliyekuja kusalimia akahamia. Mama mkwe mwenyewe alikuwa kwenye benchi, anasubiri zamu yake.

Yule mteja aliondoka na nusu kichwa. Mwenye saluni, mama asiyerudia neno, akamwambia Kimya kwamba likija lalamiko moja tena, kiti kile atapewa mwingine.

Njiani nikamwonya.

"Mama, mimi naomba moyoni," akasema.

"Moyo wako una spika, mwanangu."

Hakuniamini, lakini ili nitulie akaanza kusuka huku ameuma kitana. Benchi likapumua. Mpaka Jumamosi, alipoingia mke wa mchungaji. Huyu akilalamika hakipotei kiti tu; hata kanisani tungeingia kwa kunyata. Nikamkazia Kimya macho. Akauma kitana.

Mke wa mchungaji naye ni binadamu. Katikati ya kusukwa alimnong'oneza Kimya jambo ambalo sikulisikia, na mimi si mtu wa kukosa kusikia hovyo. Kimya akatikisa kichwa kwa huruma. Kisha akafika mbele, akataka kugawa nywele, akatoa kitana mdomoni. Nikaanza kukohoa. Nilikohoa mpaka mwenye saluni akaniletea maji, na nilipokuwa nayameza ndipo likatoka:

"Bwana, mfupishie baba mchungaji mahubiri. Mama huyu husinzia macho yakiwa wazi, na anaogopa kumwambia."

Mwenye saluni akashika kiuno. Mimi nikakitazama kile kiti, nikakiaga.

Mke wa mchungaji hakugeuka. Huwezi kugeuka nywele zimeshikwa. Alimtazama Kimya kupitia kioo, akamtazama tena.

"Malizia na amina, mwanangu," akasema. "Ombi hilo nimelibeba peke yangu tangu tuoane."

Benchi zima likaitikia amina, na iliyosikika kuliko zote ilikuwa ya mwenye saluni, ambaye kanisani hukaa mstari wa pili, mahali ambapo mtu hawezi kupiga miayo bila kuonekana.

Kiti kikabaki. Siku hizi wateja humtajia Kimya la kuomba kabla hawajasema mtindo, na mwenye saluni ametangaza kwamba mwenye siri aje nayo akijua itasikika. Mahubiri bado ni marefu. Mungu ana wakati wake.

Juzi nilikaa mimi kwenye kiti kile. Sikumwambia neno lolote, midomo nimeibana kama mtoto anayekataa dawa. Akaanzia kisogoni.

"Bwana," nikamsikia, "mpe mama yangu moyo wa kutulia. Na umwonyeshe kwamba rasta alizochambua zinatosha mpaka mwakani, anaweza kupumzika nyumbani."

Nikaitikia amina, nikamaanisha.

Asubuhi yake niliwahi saluni kama kawaida. Kigoda changu kilikuwa pale pembeni, kimeshafutwa vumbi.