Kinyonga Aliyezoea Mkono Wangu

Mama mkwe wangu hakuogopa ndovu. Kwao Kasigau aliwahi kusimama katikati ya mahindi yake akipiga debe mpaka kundi zima likageuza njia, na hadithi hiyo alitusimulia kila alipokuja Voi kukaa nasi. Lakini siku mkungu wa ndizi ulipofika kutoka kwa baba yangu kule milimani, na kinyonga akajitokeza polepole kwenye majani yake, jicho moja likitutazama sisi na jingine likitazama dirisha, mama huyohuyo alipanda juu ya meza. Mume wangu, mtu mzima, mfanyakazi wa reli, akapanda kiti. Nikabaki chini peke yangu nikicheka, na nadhani kicheko kile hawakunisamehe.

Ilikuwa miaka ya sabini mwanzoni. Tulikaa kota za reli, chumba na jiko, vumbi jekundu likiingia hata kwenye sukari. Kinyonga nilimweka kwenye mpera nje ya jiko, naye akalipa kodi yake kwa kula nzi. Majirani wakaanza kuzunguka nyumba yangu kwa mbali. Waliokuwa wakija kuazima chumvi wasiirudishe hawakuja tena, na hilo halikuniuma hata kidogo.

Kilichoniuma ni kingine. Sikuwa na mtoto. Mimba zilishika na kutoka, na kila ilipotoka moja, Mama alikuja kutoka Kasigau kunitazama kama mtu anayekagua ghala lililoingiwa na panya. Alisema mkono wangu hauna uhai. Hata sukuma wiki niliyopanda, alisema, ilikauka. Sukuma wiki ya kila mtu Voi hukauka, lakini ya wengine hakuiona. Mwanzo lawama iliangukia kazi yangu, kwa sababu nilikuwa nikichapa barua kwenye ofisi ya ranchi moja upande wa Maungu, na mwanamke anayekaa kitini kutwa nzima, eti tumbo lake hulala. Kinyonga alipokuja, kazi ilisamehewa.

"Huyo ndiye aliyekufunga," akasema. "Mtupe."

Mume wangu alinyamaza. Alikuwa hodari sana wa kunyamaza.

Kisha kinyonga akaugua. Alikuwa jike, na tumbo lilimjaa mayai yasiyotoka. Alishuka chini ya mpera, akachimba kidogo, akaacha, akachimba pengine, akaacha, mpaka akalala ubavu juani. Nilimtia kwenye kikapu, nikamfunika leso, nikapanda naye gari la ranchi. Siku ile daktari wa mifugo alikuja kutibu ng'ombe. Alicheka kwanza, kisha akamtazama vizuri, akaacha kucheka. Alimlaza kwenye meza ya stoo, akampasua, akatoa mayai yaliyooza, akamshona kwa uzi mwembamba kuliko unywele.

"Hatazaa tena," akaniambia, "lakini ataishi, ukimpa dawa kila siku mpaka chupa iishe."

Nilitoka nje nikalia. Niliporudi nilisema ni vumbi. Kusema kweli, sikuwa nikilia kwa ajili ya kinyonga peke yake. Nilitaka kitu kimoja tu kipone mikononi mwangu, na nilitaka Mama akione kikipona. Hilo tu. Sikuona kama naomba makubwa.

Dawa yenyewe ilikuwa ya maji, ya kudondoshwa mdomoni kwa kimrija cha mpira kama kile cha dawa ya macho. Daktari alinionya nisimpanue taya kwa nguvu, litavunjika. "Muudhi," alisema. "Kinyonga akikasirika hufungua mdomo mwenyewe."

Basi kazi yangu ya kila asubuhi, kabla gari la ranchi halijapiga honi, ikawa kumuudhi mgonjwa. Nilimtoa kwenye boksi nililomlaza jikoni, nikamweka juani apate joto, kisha nikamchokoza kwa kidole puani. Aligeuka mweusi. Alijivimbisha, mshono ukikaza mpaka nikaogopa, akafungua mdomo wake wa rangi ya ganda la chungwa na kunifokea bila sauti. Hapo ndipo nilipodondosha. Mara nyingi alifumba kabla, dawa ikamwagikia kidevuni, nikaanza upya. Siku nyingine aliung'ata ule mpira asiuachie. Nilijaribu kuficha dawa kwenye panzi. Alimtazama panzi kwa jicho moja, mimi kwa jingine, akatupuuza sote wawili. Niliionja dawa ile nione ana haki gani. Alikuwa na haki.

Ilinichoma kuwa ili nimponye lazima anichukie kwanza. Nilimwomba radhi kwa sauti, na majirani wakasikia, wakapata la kusimulia kisimani.

Chupa ilipokuwa inakaribia kuisha, jambo likatokea ambalo sikuwa nimefundishwa na mtu. Nilimgusa mdomo kwa kimrija, na kabla sijamchokoza, akafungua. Hakuvimba. Hakugeuka mweusi. Alibaki kijani, kijani kibichi cha migomba ya kwetu, akaimeza dawa na kufumba. Kesho yake hivyo hivyo. Alikuwa amenizoea.

Furaha ilinipanda kichwani. Nikamwita Mama, aliyekuwa amekuja kukaa nasi, aje aone.

Alisimama mlangoni, leso puani, akatazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Nilidhani moyo wake unalainika. Mshono ulikuwa umekauka, na mkono wangu usio na uhai ndio ulioukausha.

"Kumbe anafungua tu?" akauliza.

"Ukimgusa hapa tu, Mama," nikamwambia.

Jioni nilirudi kutoka kazini, nikamkuta amelala ndani ya boksi, mweusi tii, ulimi nje, na midomo imepakwa unga wa kahawia. Sikuhitaji kunusa, ingawa nilinusa. Kwetu kila mtoto aliyechunga mbuzi anajua kwamba kinyonga akitiwa tumbaku mdomoni hugeuka rangi zote alizo nazo, kisha hufa. Huo ni mchezo wa machungani. Na katika kota ile mtu mmoja tu alikuwa na kikopo cha tumbaku ya kunusa, amekifunga kwenye pindo la leso yake.

Mama hakuficha. "Nimempa dawa," alisema, akiendelea kuchagua maharagwe. "Kafungua mwenyewe. Sikumlazimisha."

Nilimgeukia mume wangu. Alikuwa ananawa miguu kwenye karai, na maji yalikuwa mekundu kwa vumbi.

"Si ni kinyonga tu," akasema. "Mama amekusaidia."

Jioni ile sikula. Kesho yake nilikula ranchini, nikarudi, chakula cha Mama nikakiacha kwenye sahani kama kilivyo. Sikupanga kufanya vita. Koo tu lilikataa. Lakini kwetu, ukikataa chakula cha mtu siku baada ya siku, umemwita mchawi bila kutamka neno. Mama aliling'amua hilo kabla ya mwanawe. Akatuma watu, na wajomba wakaletwa kutoka Kasigau, wamevaa makoti kwenye joto lile.

Walikaa. Walisema maneno mazuri. Hakuna aliyetaja kinyonga, kwani mtu mzima angetajaje kinyonga barazani? Kikaletwa kimanga, ndizi na maharagwe vilivyopondwa vizuri, na Mama akakishika mwenyewe kwa mikono miwili. Mjomba mkubwa akasema, "Mwanangu, onja kidogo tu mbele yetu, twende kwa amani."

Nilimtazama mume wangu, nikingoja aseme kitu, chochote, hata cha kunitukana.

Alimega tonge, akalileta mpaka usoni pangu. Kidole chake kiligusa mdomo wangu wa chini.

"Fungua tu," akasema kwa upole, "yaishe."

Upole ule ndio ulionimaliza. Niligeuza uso, nikaenda kufunga sanduku, na basi la kwenda milimani nililikuta linajaza watu. Mpaka leo Voi husemwa kwamba niliacha mume kwa sababu ya kinyonga. Waseme. Mimi nilikuwa pale, njaa ikiniuma, na mdomo sikuufungua.