Debe Kwenye Gurudumu la Nyuma

Kuna asubuhi moja hainitoki, mwanangu: asubuhi niliyomchukia mavyaa wangu kwa sababu ya kipande cha debe la mafuta ya taa. Naikumbuka leo kwa ajili yako. Jana uliingia ukumbini, ukaifunua ile pikipiki iliyolala chini ya shuka tangu marehemu babu yako alipotutoka, ukaizunguka, ukaniuliza, "Bibi, nikiitengeneza ikawaka, hili debe si nnalitoa? Linaiharibia sura."

Sikukujibu. Mtu aliyefiwa huchelewa kujibu. Leo nakujibu kwa maandishi, na darasa nilizosoma ni chache, kwa hiyo nivumilie.

Mimi ni mzaliwa wa Paje. Niliolewa mjini katika miaka ya hamsini, nikaletwa Mkunazini, katika uchochoro mwembamba ambao usukani wa pikipiki ukipita hukwaruza ukuta. Tuliishi watatu: mimi, marehemu, na mama yake, Bi Rukia, aliyekuwa mshonaji. Cherehani yake ya mguu ilikaa karibu na dirisha, naye alishona mabuibui ya nusu ya mtaa.

Marehemu alikuwa fundi wa kuchomea vyuma. Pikipiki ile hakuinunua nzima, aliiunda. Fremu ilitoka kwenye pikipiki iliyobaki tangu vita, injini aliitoa kwenye nyingine iliyopata ajali, na tangi alilipata sijui wapi, akalipaka rangi nyekundu mwenyewe. Mimi kwetu nilizoea ng'ombe na ngarawa. Kitu kinachokunywa petroli kikanguruma kilinishangaza, nikawa nauliza kila kitu. Hiki nini? Plagi. Kazi yake? Kutoa cheche. Ikilowa? Haiwaki. Hakuchoka kunijibu. Kuuliza si ujinga, na yeye alipenda kuulizwa. Mpaka leo nikisikia pikipiki inapita nje, najua kama mnyororo wake umelegea.

Walikuwa vijana watano wenye pikipiki zao, na kila moja ilikuwa na jina. Kulikuwa na Nyuki, kulikuwa na Radi. Jumapili wakenda Mbweni, wakakaa karibu na yale magofu wakibishana hadi jua likawa kali: ipi inapanda mlima bila kukohoa, ipi inakula mafuta kidogo, ipi sauti yake inamtoa mtu usingizini. Msemaji wao alikuwa Feruzi, mwenye Radi. Ulimi wa Feruzi ulikuwa na kasi kuliko chombo chake.

Ni Feruzi aliyeleta habari kwamba huko Ulaya wanaoshindana mbio huvua kila kisichohitajika, pikipiki ibaki nyepesi. Basi wote wakavua. Madigadi, yale mabati ya kufunika magurudumu, yakatoka, kifuniko cha mnyororo kikatoka, na mabati yote yakauzwa chuma chakavu. Pikipiki ya marehemu ikabaki gurudumu, mnyororo na injini, kila kitu nje. Nisikudanganye, ilipendeza. Nilikuwa nikiitazama kama unavyoitazama wewe.

Sasa asubuhi yenyewe. Mchukuzi wa samaki kutoka kwetu alibisha hodi. Akasema, "Mosi, mamako hajiwezi. Tangu jana anakutaja wewe tu."

Gari la abiria la upande ule lilikuwa limeshaondoka, na jingine ni la kesho yake. Marehemu hakufikiri mara mbili. Akaitoa pikipiki uchochoroni, akapiga kiki, ikawaka. Mimi nikavaa buibui langu mbiombio, nikatoka nje nikilia. Nilikuwa sijapata kupanda pikipiki hata siku moja. Nilijiweka upande, kama wanawake tulivyozoea kukaa juu ya punda, miguu yote miwili kushoto.

Bi Rukia akatokea mlangoni na uzi mdomoni.

"Masoud!"

"Naam, mama."

"Zima hicho kitu."

Nilijua litakalofuata. Atasema ni aibu mwanamke kupita mjini juu ya pikipiki. Nilishajiandaa kulia zaidi. Bi Rukia lakini hakusema la aibu. Aliinama akalitazama gurudumu la nyuma, akautazama mnyororo, akaitazama miguu yangu. Akauliza taratibu, kama mtu anayetaka kujua bei ya kitambaa:

"Na nguo yake, mwanangu, itakwenda wapi?"

"Nguo gani, mama?"

"Hili buibui. Upepo ukilipeperusha, litakwenda wapi?"

Marehemu akacheka. "Atalishika, mama. Ana mikono miwili."

"Mkono mmoja akushike wewe, wa pili azuie machozi. Wa tatu anao?" Bi Rukia akaingia ndani, akatoka na kanga kuukuu. "Iweke kwenye stendi. Iwashe, gurudumu lizunguke. Nataka kuona tu."

Marehemu akatii, kwa sababu kwa mama yake hakuwa na ubishi. Akaiinua pikipiki juu ya stendi, akaiwasha, akatia gia. Gurudumu la nyuma likazunguka hewani, spoki zikapotea zisionekane. Bi Rukia akausogeza upindo wa kanga pembeni mwa gurudumu. Hakuugusisha, aliuachia upepee tu.

Hatukuona ilivyokwenda. Kanga ilinyakuliwa mkononi mwake, ikalia kama mtu anayepasua kitambaa dukani, na gurudumu likaivuta yote. Injini ikakohoa, ikazimika. Ile kanga ilikuwa imejifunga kwenye ekseli na mnyororo, imekazwa kama kamba ya jahazi. Bi Rukia alikuwa akiutazama mkono wake. Kidole kimoja kilikuwa chekundu.

"Haya," akasema. "Gurudumu la cherehani yangu ni dogo, nalikanyaga kwa mguu wangu mwenyewe, na lilishanila mitandio miwili. Nilitaka kujua na hili kubwa likoje." Akamtazama mwanawe. "Na kanga hii, Masoud, haikuwa na mtu ndani."

Marehemu akapiga magoti akaanza kuikata ile kanga kwa kisu, utepe kwa utepe. Alipomaliza, akaenda nyuma ya nyumba akaleta debe tupu la mafuta ya taa, mkasi wa mabati na nyundo.

Hapo ndipo nilipomchukia Bi Rukia. Kila nyundo ilipogonga niliona ni pumzi moja ya mama yangu inayokwenda. Nikashindwa kujizuia. "Mama wee, mzazi wangu anakata roho huko, na nyinyi hapa mnakata debe!"

Akanijia, akanishika mabega. Hakukasirika.

"Mosi, mamako anakungoja wewe. Hangoji maiti yako. Kawia ufike."

Kisha akaniingiza ndani, akanivisha suruali ya mwanawe chini ya gauni, na buibui akalikusanya akalifunga kwa kanga magotini. "Utakaa kama wanaume wanavyokaa, mguu huku na mguu huku. Upande utaanguka."

"Watu watasema, mama."

"Watu walisema na nilipokuwa natembea kwa miguu."

Tulipotoka, debe lilikuwa limefungwa kwa waya, limefunika gurudumu na mnyororo kila upande, na picha ya simba, chapa ya mafuta yale, ikionekana kichwa chini. Darajani tukakutana na nani? Feruzi, juu ya Radi yake.

"Jamani, njooni! Muuza mafuta ya taa kapita! Masoud, nipimie kibaba!" Akatufuata hatua chache akicheka. "Debe tupu haliachi kuvuma, ndugu yangu!"

Masikio ya marehemu yaligeuka mekundu, niliyaona kwa nyuma. Mimi nami niliona haya, kwa nini niseme uongo? Nilijifunika uso. Lakini hakusimama.

Baada ya Tunguu hofu ilinipungua, nikaanza kutazama. Sikujua kwamba hewa ya msitu wa Jozani ni baridi ghafla, kama mtu aliyeingia ndani ya msikiti. Kima wekundu walikaa juu ya matawi wakitutazama, nami nawatazama. Nilikwenda nimebeba msiba, lakini macho hayakubali kufumba. Mungu atanisamehe.

Tulipopita Kitogani njia iliharibika, mawe na mashimo, na upepo wa pwani ukawa unatupiga ubavuni. Tukaruka shimo moja, na ile kanga ya magotini ikafunguka. Sikujua. Nilichosikia ni kwaru, kwaru, kwaru, karibu na kisigino changu. Nikatazama chini. Upindo wa buibui, na pini iliyoubana, ulikuwa unapigapiga juu ya debe, unateleza, unarudi, unatafuta pa kuingia. Haukupata.

Nikamgonga bega, akasimama. Alipoona, akakaa chini palepale kando ya njia.

"Astaghfirullah," akasema. Basi. Akalifunga buibui langu upya, fundo juu ya fundo, tukaendelea polepole mpaka Paje.

Nilimkuta mama yangu hai. Alifumbua macho akaninusa nguo.

"Unanuka nini?"

"Petroli, mama. Nimekuja kwa pikipiki."

"Hebu niione." Tukamnyanyua hadi mlangoni, dhaifu vile vile, na marehemu akaisogeza karibu. Mama akalipapasa lile debe. "Mbona limekwaruzwa?"

Nikamweleza. Akasema, "Mavyaako msalimie sana." Aliishi mpaka masika, na siku zile nilimuuguza kwa mikono yangu. Ningekosa zote.

Salamu nilizifikisha, na samahani yangu juu yake. Bi Rukia alisema tu, "Nishikie uzi huu," akaendelea kushona.

Feruzi aliposikia yaliyotupata njiani na maneno ya Bi Rukia, alikuja na rangi na brashi akaandika juu ya debe: KAWIA UFIKE. Alitaka kutucheka, akaishia kuliandika vizuri. Jina likawa hilo, na baada ya hapo Mbweni pikipiki ile ilikuwa haibishaniwi. Nisikufiche jambo: Feruzi mwenyewe hakurudisha madigadi, akazeeka na Radi yake vile vile, na hakuanguka hata siku moja. Sitakutisha kwa uongo. Lakini Feruzi hakumpakia mtu.

Sasa nakujibu, mwanangu. Iamshe pikipiki, nataka kuisikia tena kabla sijamfuata mwenyewe aliyeiunda. Ipake rangi unayoipenda. Kaza mnyororo, jaribu breki kabla hujatoka uchochoroni, na penye mashimo nenda taratibu, mwenda pole hajikwai. Ukitaka kuibadilisha, usiulize kwanza itapendeza vipi kwa wanaoitazama ikipita. Uliza swali la Bi Rukia: nguo ya atakayekaa nyuma yangu itakwenda wapi? Nimesikia una mchumba, na mchumba wako anavaa buibui. Akikaa nyuma yako hataiona njia, ataiona fulana yako tu. Macho yake ni wewe.

Debe lile limeshika kutu, najua. Litoe siku utakapokuwa na jingine mkononi. Mkwaruzo uko upande wa kushoto, chini ya herufi za mwisho. Upapase kabla hujalitupa.

Mola akuongoze njia uendayo na ile urudiyo, akulindie uliyempakia, na kila mnaposubiriwa mfike mkiwa hai. Na marehemu amlaze pema. Amin.