Nilivyounguza control box ya mkwe mtarajiwa Nchelenge, nikaokolewa na ufunguo usiofungua kitu

Wakuu, habari za humu ndani.

Nimesoma uzi wa yule jamaa aliyebadilisha control box na gari likagoma, nikacheka peke yangu mpaka mke wangu akauliza kulikoni. Nikamsomea. Akasema, "Waambie na ya kwako, na usijipendelee."

Kwa hiyo nasema yote, hata yanayonidhalilisha. Anasoma pembeni yangu.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Mimi ni mtu wa Lubumbashi, ila wakati huo nilikuwa na gereji Nchelenge, upande wa Zambia, kwenye ziwa Mweru. Gereji ni jina la heshima tu. Mabati manne, mashine ya kuchomelea, na jeki moja iliyokuwa na tabia ya kushuka yenyewe.

Magari tuliyozoea yalikuwa ya kabureta. Ukilisikiliza dakika mbili unajua linaumwa nini. Nilijiona daktari bingwa.

Hapo Nchelenge nikampenda binti mmoja, Bwalya. Nilipenda kweli, wakuu, mpaka nikawa nasahau kula.

Baba yake, Ba Mulenga, alikuwa mwalimu mstaafu. Ananunua samaki wakavu vijiji vya Mununga na Puta, anawapeleka mjini na pikapu yake. Lilikuwa gari jipya kuliko yote ufukweni pale. Halina kabureta, na ufunguo wake una kichwa kinene cha plastiki nyeusi. Aina sitaitaja, msije mkaanza ligi ya mashabiki.

Sasa kwa Wabemba huendi mwenyewe kuomba mke. Unatafuta mshenga, wao wanamwita shibukombe. Anapeleka sahani iliyofunikwa, ndani kuna kitu kidogo cha kuonyesha nia. Wakiifunua, mazungumzo yanaanza. Wakiirudisha kama ilivyo, kaa na huzuni yako.

Sikuwa na ndugu pale, nikamwomba Papa Ilunga. Mkongomani mwenzangu, mtu mzima, mfanyabiashara wa samaki. Kila wiki alikuwa kwenye boti kwenda Kilwa ng'ambo na kurudi (Kilwa ya Kongo, ndugu zangu wa Tanzania tulieni).

Sahani ikaenda Jumapili.

Jumatatu Ba Mulenga akaniletea pikapu nimchomelee fremu ya kubebea magunia. Nikaona kabisa Mungu ananipenda. Mkwe mwenyewe analeta kazi! Nikasema hii fremu nitaichomelea kwa upendo.

Wakuu, niliichomelea bila kuchomoa betri.

Kwenye gari la kabureta nilishafanya hivyo mara mia na hakuna lililotokea. Hili nilipomaliza nikawasha, starter inazunguka vizuri, injini kimya. Nikakagua plagi, hakuna moto. Siku tatu nafungua na kufunga. Ya nne nikafungua kisanduku kilichokuwa chini ya dashibodi, ndiyo control box yenyewe, ubongo wa injini. Harufu ya kuungua ikanipiga usoni.

Nikakaa chini kwenye mchanga. Nililia, sioni haya kusema.

Na hapa ndipo utamu wa mila ulipokuja. Kama mteja, Ba Mulenga aliruhusiwa kunigombeza mwenyewe, na alinigombeza kwa Kibemba, Kiswahili na Kiingereza cha darasani. Kama mkwe, alitakiwa kupitia kwa mshenga. Kwa hiyo akimaliza kunigombeza, Papa Ilunga naye anafika na salamu rasmi.

"Bon, baba ya mutoto anasema hivi: sahani iko kwenye kabati. Hataifunua mpaka motoka yake iwake. Ikikatala, nitakurudishia sahani."

Basi. Bila gari, hakuna Bwalya.

Nikaandika namba zote zilizokuwa kwenye kile kisanduku, Papa Ilunga akaenda nazo mpaka Lubumbashi kwa muuza spea za mitumba. Muda wote huo Ba Mulenga alikuwa akipita mbele ya gereji kwa baiskeli, gunia la samaki nyuma. Akifika usawa wangu anapiga kengele mara mbili. Haangalii. Kengele tu.

Control box ikafika, namba zilezile. Imefungwa kwenye kitambaa, na pembeni imefungiwa ufunguo kwa waya. Nao una kichwa cheusi kinene.

Nikaujaribu kwenye gari. Hata hauzunguki. Nikasema hawa watu wa Lubumbashi wanafungia mpaka takataka ili mzigo uonekane mkubwa.

Jioni nikamkuta Bwalya kisimani, kitu ambacho hatukuruhusiwa, nikampa ule ufunguo. Nikamwambia, "Huu ni wa gari letu. Gari lenyewe bado sijalipata."

Alicheka sana. Akaufunga kwenye pindo la kitenge chake.

Kesho yake nikafunga control box mpya, nikamwita Ba Mulenga, na majirani wakajaa. Nikawasha kwa madaha.

Likawaka! Watu wakapiga makofi.

Sekunde mbili, likazima. Taa nyekundu kwenye dashibodi ikaanza kupepesa.

Nikawasha tena. Sekunde mbili, kimya. Tena. Vilevile. Majirani walianza kuondoka mmojammoja, wale wanaoondoka bila kuaga.

Nikalaumu mafuta. Nikabadilisha filter, nikasafisha tanki, nikafungua pampu. Sekunde mbili. Kengele ya baiskeli ikarudi, na sasa anapiga mara tatu.

Papa Ilunga akaenda tena ng'ambo, kumuuliza yule muuza spea. Jumamosi akarudi, akaja gereji moja kwa moja, samaki wake hata hajawashusha. Ba Mulenga alikuwepo, amekaa kwenye tairi, na Bwalya alikuwa amemletea baba yake chakula.

"Ule mutu wa Lubumbashi alicheka mpaka akakaa," Papa Ilunga akasema. "Anasema ile boîte, ile control box, inajua clé yake tu, lufungulo yake. Mu kichwa ya clé muko kitu kidogo, boîte inakitafuta. Isipokiona, inazima motoka. Njo maana alitutumia vyote viwili. Sasa, clé uliiweka wapi?"

Wakuu, nyie mnajua ulikuwa wapi.

Nikisema sijui, gari linabaki limekufa na sahani inarudi. Nikisema ukweli, nakiri mbele ya baba kwamba nimekuwa nikikutana na binti yake kisimani. Papa Ilunga ananiangalia. Ba Mulenga ananiangalia. Mimi naangalia jeki.

Bwalya akaweka bakuli chini. Akafungua fundo la kitenge, akanyoosha mkono mbele ya watu wote.

"Huu hapa," akasema.

Nikachukua kisu cha samaki cha Papa Ilunga, nikapasua kile kichwa cheusi. Ndani kukawa na kidude kidogo kama punje ya mchele. Nikaomba ufunguo wa Ba Mulenga, nikaupasua nao mbele ya macho yake, nikatoa punje yake, nikaweka ya Lubumbashi. Nikafunga na gundi na utepe.

Nikawasha.

Taa nyekundu ikatulia, kisha ikazimika. Sekunde mbili. Tatu. Kumi. Nikakanyaga mafuta na pikapu ikanguruma mpaka kuku wa jirani wakaruka ukuta. Nikapiga kelele kama mwendawazimu! Papa Ilunga akacheza pale pale mchangani, mzee wa watu.

Ba Mulenga hakucheza. Alisimama hatua moja kutoka kwangu, lakini akamgeukia mshenga.

"Papa Ilunga, muulize mutu wako. Mutoto wangu alitoa wapi hii lufungulo?"

"Mwambie nilimpa mimi," nikasema.

"Anasema alimupa yeye."

"Muulize, alimupa kama nani?"

Nami nikamgeukia mshenga. "Mwambie, kama mume wake, baba akikubali."

Papa Ilunga akarudia neno kwa neno. Ba Mulenga akaingia kwenye pikapu, akaendesha mpaka ukingoni mwa ziwa na kurudi, anapiga honi njia nzima. Akashuka.

"Mwambie kesho tunafunua sahani. Na alete majogoo wawili, faini ya kisima."

Hivyo ndivyo nilivyooa, wakuu.

Somo: ukichomelea gari lenye control box, chomoa betri kwanza. Ukinunua control box ya mtumba, dai na ufunguo wake, na usiudharau hata kama hauzungushi kitu. Wenye gari lililowaka sekunde mbili likafa, wekeni yenu hapa tucheke pamoja, na mafundi wa siku hizi mnirekebishe nilipokosea.

Ule ufunguo uliopasuliwa Bwalya anao mpaka leo, na gari nilishampatia.

Amemaliza kusoma sasa hivi. Anasema nimejipendelea, sijasema majogoo walitoka wapi. Haya, Ba Mulenga alishatangulia mbele ya haki, naweza kusema: Bwalya ndiye aliyenipa, na aliwatoa kwenye banda la kuku la baba yake.