Kandili ya Mama na Giza la Panya

Miaka ile gesi ilipogunduliwa chini ya bahari yetu, mimi nilikuwa mjini Nampula nikihudumia panya wa maabara. Naikumbuka kazi ile kama ndoto moja ndefu: taa nyekundu hafifu, harufu ya pumba, mikwaruzo ya kucha. Tuliwapa melatonina, homoni ambayo mwili huitoa gizani, kisha tukapima kemikali ambazo neva za ubongo hupelekeana habari. Dopamina, ile ya kuchangamsha, ilipungua; GABA, ile ya kutuliza, ikaongezeka. Niliuona ubongo kama nyumba iliyoingiliwa na jioni, kila mtu akishusha sauti.

Nilipokwenda likizo nyumbani Olumbi, kijijini kwetu pwani, nilimkuta mama amekonda. Kwetu, mtu wa nyumbani akiwa baharini, taa ya barazani haizimwi mpaka arudi. Desturi hiyo iliwafaa wavuvi, waendao jioni wakarudi alfajiri. Lakini mdogo wangu alikuwa amepata kazi kwenye meli ya kuchimba gesi, na huko mtu hukaa wiki kadhaa. Mama akawa analala barazani chini ya kandili, akiamka kila mara kuitia mafuta. Mchana alisahau chungu motoni. Siku moja alisahau jina langu, nami nikaogopa sana.

Baada ya swala ya alasiri, tukimenya muhogo, nilimweleza habari za panya wangu. Nikamwambia mwanga ule unaizuia homoni ya giza, na ubongo wake haupati kujua kwamba usiku umeingia.

“Hao panya wako hulala lini?” akauliza.

“Mchana.”

“Na usiku?”

“Wanazurura, mama.”

“Basi hilo giza lenu haliwalazi. Wanifananisha na mwizi wa mpunga wangu, halafu wataka nikutii?” Alicheka mpaka akafuta machozi. Mimi nilikasirika, maana alisema kweli: homoni hutangaza usiku tu, kila kiumbe ana lake la kufanya. Kisha akasema taratibu, “Mwenzako yuko majini. Nani atamwonesha kwetu?”

Mdogo wangu alirudi kupumzika, macho yamemvimba. Kabla hajanawa miguu, mama alimuuliza kama anaiona kandili. Niliomba moyoni adanganye.

“Siioni, mama. Tuko mbali mno. Usiku nipo kazini, mchana nalala chumba hakina dirisha. Giza tupu.”

Mama akaenda kumtilia chakula.

Siku aliyoondoka kurudi melini, mama alimsindikiza mpaka barabarani. Magharibi ikaingia, na kandili ikabaki imening'inia bila moto.

“Huiwashi?” nikauliza.

“Mwanangu yumo gizani. Na mimi nitakaa gizani naye.”

Akajifunika kitambaa chake cha kapulana, akageukia ukutani. Alfajiri adhana ikapita asiisikie, anakoroma taratibu. Siku zote yeye ndiye aliyetuamsha. Asubuhi ile mimi ndiye niliyemgusa bega mama ili akaswali, na sikutaka kumgusa.